Mashine Uliyonitumia na Mkoromo wa Nyumba Hii

Mwanangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, nasikia kila mtu humu ndani ameshakupigia kukupa habari za hii mashine ya kunipulizia upepo puani nikilala, nisikorome. Mdogo wako kakwambia nikivaa ile barakoa nafanana na rubani wa ndege ya vita. Baba yako kalalamika. Na mwanawe mdogo wako nadhani ndiye aliyekutumia ile picha nimelala. Sasa nisikilize mimi mwenye pua.

Imefika salama. Plagi ya huko Muscat ndiyo hii hii yetu ya pini tatu, imeingia ukutani bila maneno. Kilichogoma kuingia ni mpira wa kuleta upepo kwenye barakoa, haupiti kwenye chandarua. Wewe umezoea kiyoyozi, umeshasahau mbu wa Tanga. Mashine inakaa juu ya stuli nje, mimi nimo ndani, na mpira una karibu mita 2. Ukiupitisha chini, chandarua kinainuka na mbu wanaingia kwa foleni. Baba yako kachukua mkasi, katoboa tundu pembeni, kisha kashona hapo mkono wa shati lake kuukuu. Mpira unapita mle mkononi, na kile kifungo cha kiganjani kinaubana barabara. Mgeni akichungulia chumbani ataapa kuna mwanamume kaingiza mkono kitandani kwangu.

Daktari ameitega nguvu ya upepo ianze na 4 ipande polepole mpaka 10. Nikamuuliza 10 ya nini, akasema sentimita za maji. Usiniulize maji gani! Mwanzoni upepo ni mwororo, unaweza kuulalia. Ukishapanda, ndipo utajua. Na ole wako ufungue mdomo, kwa sababu hewa inayoingia puani yote inatokea mdomoni, ukitaka kusema "zima taa" yanatoka mapovu na mluzi. Baba yako amelijua hilo upesi mno. Siku hizi ananisubiri nikaze mikanda ndiyo anianzishie habari za pesa alizomkopesha ami yako. Mimi namjibu kwa macho.

Halafu kuna upepo unaopotea njia. Badala ya kwenda mapafuni unashuka tumboni, asubuhi unaamka umevimba, na kinachofuata ni mbweu mfululizo mezani mbele ya wakwe. Upande wa pili sikuambii.

Kuhusu udi. Usiku wa Ijumaa nimefukiza kama kawaida yangu, chetezo chini ya kitanda, nikavaa nikawasha. Kumbe mashine haina hewa yake! Inavuta hii hii ya chumbani, inaipitisha kwenye kichujio chembamba, inaisukuma. Moshi wote ukanijia puani kwa nguvu za 10. Nimepiga chafya ndani ya barakoa, mwanangu, na pa kwenda hapakuwepo. Kichujio kilikuwa cheupe, kesho yake rangi ya chai. Sasa udi nafukiza sebuleni. Mafuta ya nazi usoni pia yamepigwa marufuku, maana yanaharibu ule mpira laini wa kingo za barakoa, nayo inateleza mpaka jichoni, nalala na pepo za kusi zinavuma kwenye kope.

Jirani yetu wa ukuta wa pili aliisikia ikivuma, akauliza ni nini, mdogo wako akamjibu "mashine ya mama ya kupumulia." Basi. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua niko kwenye oksijeni. Wakaja akina mama wa kikoba na uji wa mtama, wakaja wa chuoni na ndizi na mapapai, mmoja kaanza kulia mlangoni. Nikawaeleza kwamba oksijeni haimo, ni upepo mtupu wa kulizuia koo lisijifunge. Misuli inalegea usingizini, ulimi unarudi nyuma, njia inaziba, na mimi kipimo kilisema inaziba zaidi ya mara 30 kwa saa. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Uji nimeunywa.

Nilitaka kuirudisha sandukuni, nakwambia kweli. Daktari ndiye aliyenishika. Akanisimulia kwamba zamani dawa ya ugonjwa huu ukizidi ilikuwa kutobolewa koo, mpaka Colin Sullivan, daktari wa Sydney, mwaka 1980 alipochukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi akaigeuza ipulize. Barakoa zake za mwanzo zilikuwa zinagundishwa puani kwa gundi kila usiku! Nikaitazama mikanda yangu, nikaona nimependelewa. Na faida naiona, sikatai. Siamki tena na kichwa kizito, na kwenye kikao cha kikoba nakaa macho mpaka hesabu zinasomwa, jambo ambalo mweka hazina hakulifurahia.

Lakini kubwa ni la baba yako. Miaka yote tangu anioe, mkoromaji ni mimi. Amewaambia ndugu zake, amewaambia wajomba zako, kaliweka hata kwenye hotuba ya harusi ya mdogo wako watu wakacheka. Mashine ilipoanza kazi, akalalamika kimya kinamnyima usingizi, akawa ananigusa usiku kuhakikisha nipo. Kisha akazoea, akalala fofofo. Na mimi nikashtuka nikidhani jenereta la jirani limewashwa chumbani. Nimevua barakoa, nikasikiliza. Baba yako! Anaunguruma, anapanda, anapanda, halafu kimya. Nimesubiri. Kimya. Kisha anazinduka kwa mkoromo mmoja wa kuwaamsha kuku, anageuka upande, anaanza upya.

Asubuhi anasema hakoromi, anahema kwa nguvu tu kwa sababu ya joto.

Nimemrekodi. Sauti imo kwenye WhatsApp yako, isikilize yote, na pale inapokatika hesabu polepole, maana daktari alisema ikipita sekunde 10 hiyo si kupumzika. Alisema pia kwamba wanaume wenye shingo ya inchi 17 kwenda juu ni wa kuangaliwa, na baba yako kifungo cha juu cha shati hakijakutana na tundu lake tangu harusi ile ile. Mimi akinisikia nalitaja hili ananiambia naanza kulipiza. Wewe binti yake hakukatalii. Ukipiga Ijumaa, usiniulize mimi habari za mashine. Mwambie apokee yeye, na kabla hajaanza salamu zake ndefu, muulize anavaa kola namba ngapi.

Mama yako