Kinachowasukuma wanaotuongoza: barua kwa Mwanaidi

Dodoma,
Jumapili jioni

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa bibi na kwa watoto wote hapo Unguja. Huku sote wazima, namshukuru Mungu, ila upepo na vumbi havijatuachia.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na swali lako la mwisho limenikaa moyoni. Unauliza kama ni kweli alivyowaambia yule mkufunzi kwenye semina yenu: kwamba kila anayejitokeza kuongoza watu anatibu donda lake mwenyewe, na habari za haki na maendeleo ni kifuniko tu. Unasema tangu siku ile unamtazama mwenyekiti wa ushirika wenu wa mwani kwa jicho jingine, na jicho hilo hulipendi.

Mkufunzi wenu hakulitoa kichwani mwake. Mwaka 1930 Mmarekani mmoja, Harold Lasswell, aliandika karibu maneno hayohayo. Alisema mtu wa siasa ana haja yake ya ndani, iliyoanzia nyumbani, mara nyingi utotoni. Haja hiyo huitoa kwa baba, mama au ndugu na kuihamishia kwenye mambo ya umma, kisha huitafutia sababu za kupendeza watu. Kabla yake Alfred Adler, daktari aliyeachana mwaka 1911 na Sigmund Freud, mwanzilishi wa saikolojia changanuzi, yaani elimu ya kuchimba yaliyofichika ndani ya nafsi, alishafundisha kwamba mtu anayejiona duni hutafuta fidia, na madaraka ni fidia iliyo karibu. Freud mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu makundi ya watu, aliwaangalia zaidi wafuasi: wanamweka kiongozi mahali pa ile picha ya ubora waliyo nayo ndani ya nafsi zao, ndiyo maana wakimkosoa wanahisi wanajikosoa wenyewe. Hilo la Freud naona ni la kweli sana, nawe ukikumbuka mikutano ya hadhara utakubaliana nami.

Lakini hili la donda mkufunzi amelikata mahali pabaya. Donda lipo, sibishi. Ila kulijua donda la kiongozi hakukuambii kama jambo analopigania ni la haki au la. Kunakuambia jambo jingine kabisa: ni wapi hataona. Hapo ndipo elimu hii ya saikolojia changanuzi inapotufaa sisi tunaoongozwa, na nitakueleza kwa kisa cha mtu mmoja tu, Mohandas Gandhi, kiongozi wa Wahindi aliyepigana na Waingereza bila silaha, kwa sababu aliyemchunguza, Erik Erikson, alimpenda bila kuficha makosa yake.

Erikson alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, akalelewa na baba wa kambo, na baba aliyemzaa hakupata kumjua maisha yake yote. Alifundishwa kazi hii ya kuchambua nafsi na Anna Freud, binti wa Freud, kule Vienna, kisha mwaka 1933 akahamia Marekani. Alipopata uraia mwaka 1939 akachukua jina la Erikson, alilojichagulia mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akiandika juu ya wana na baba zao, anajua anachokiulizia. Mwaka 1962 alikwenda Ahmedabad, India, kufundisha semina, akagundua kwamba mwenyeji wake, mzee Ambalal Sarabhai, ndiye mwenye kiwanda cha nguo aliyepambana na Gandhi katika mgomo wa mwaka 1918. Akaanza kuwahoji wazee waliouona mgomo ule. Kitabu alichokiandika kikatoka mwaka 1969.

Sasa donda lenyewe. Gandhi amelieleza kwa mkono wake katika kitabu cha maisha yake. Aliozwa akiwa na miaka 13, na mkewe Kasturba naye alikuwa mtoto kama yeye. Alipofika miaka 16 baba yake alikuwa kitandani mgonjwa, na kila usiku kijana alimkanda miguu. Usiku mmoja ami yake akampokea zamu. Kijana akaenda moja kwa moja chumbani kwa mkewe, aliyekuwa mjamzito. Hazikupita dakika nyingi, mtumishi akabisha mlango: baba amefariki. Mtoto aliyezaliwa baadaye naye hakuishi zaidi ya siku chache. Gandhi anasema aibu ile hakuweza kuifuta wala kuisahau.

Mchambuzi mvivu angeishia hapo. Angesema: huyu alimkosa baba saa ya mwisho kwa sababu ya tamaa, kwa hiyo akaichukia tamaa, akaweka nadhiri ya kujitenga na mkewe mwaka 1906, na siasa yake yote ni toba. Erikson hakuishia hapo. Alitazama ile kazi ya kukanda miguu. Tangu hapo Gandhi hakuacha kuuguza watu. Katika vita vya Makaburu mwaka 1899 aliunda kikosi cha Wahindi cha kubeba majeruhi wa jeshi la Waingereza. Mwaka 1906, Wazulu walipoasi kule Natal, Afrika Kusini, alikwenda na machela upande wa serikali, akajikuta akiwauguza Wazulu waliojeruhiwa na kuchapwa viboko, ambao wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuwagusa. Kwa Erikson, namna ya Gandhi ya kupigana inatoka hapo: unamshinda mwenye nguvu huku ukimtunza, kama mwana anavyomzidi baba aliye mgonjwa bila kumdhalilisha.

Niweke na kisa cha hapo kwenu, maana sijui kama unakijua. Mwaka 1893, Gandhi akiwa wakili kijana njiani kwenda Natal, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, na Unguja alikaa zaidi ya wiki akisubiri meli nyingine. Nahodha, aliyekuwa akicheza naye sataranji safarini, akamwalika matembezini pamoja na Mwingereza mmoja. Kumbe matembezi yenyewe ni ya kwenda kwa makahaba. Kila mmoja akaonyeshwa chumba chake. Gandhi akasimama mle ndani kimya kwa aibu, akatoka kama alivyoingia. Anachojilaumu baadaye ni hiki, Mwanaidi: kwamba hakuwa na ujasiri wa kukataa kuingia. Muda mfupi baadaye, usiku, katika kituo cha treni cha Pietermaritzburg, Natal, akaambiwa ahame behewa la daraja la kwanza kwa sababu ya rangi yake. Hapo alikataa, na wakamtupa nje. Mimi visa hivi viwili huvisoma pamoja.

Turudi Ahmedabad, maana hapo ndipo penye uzito. Tauni ilipoingia mjini, wenye viwanda waliwapa wafumaji posho kubwa ili wasikimbie. Tauni ilipopungua wakataka kuiondoa, na bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wafumaji walitaka nyongeza ya asilimia 50. Wenye viwanda walitoa 20. Gandhi akapima hesabu za pande zote mbili akasema 35 ndiyo haki, na wafumaji wakaapa hawarudi kazini kabla ya kuipata. Na tazama familia ilivyogawanyika: aliyewaongoza wafumaji pamoja na Gandhi ni Anasuya Sarabhai, dada wa damu wa Ambalal mwenye kiwanda.

Kila siku walikutana chini ya mti kando ya mto Sabarmati. Wiki zikapita, njaa ikaingia. Ikamfikia Gandhi habari kwamba watu wanalalamika: wao viongozi wanakuja kwa gari na kula vizuri, sisi tunakufa njaa. Tarehe 15 Machi 1918 mkutanoni akasimama akasema hatakula mpaka mambo yaishe. Anaeleza kwamba maneno yale yalimjia mdomoni yenyewe, bila kuitwa. Ukimpa mwanafunzi wa Freud sentensi kama hiyo, hatalala usiku huo. Tarehe 18 suluhu ikapatikana: siku ya kwanza asilimia 35 ili kiapo kisivunjwe, siku ya pili 20 ili wenye viwanda wasiaibike, na kuanzia ya tatu 27 na nusu mpaka msuluhishi aamue. Msuluhishi aliamua 35.

Hesabu ile ni ya mtu asiyetaka hata adui aondoke ameinamisha kichwa. Na huwezi kuniambia kwamba, kwa kuwa mfunga alikuwa na deni na baba yake, basi asilimia 35 za wafumaji hazikuwa haki yao. Zilikuwa haki yao. Donda lilimpa Gandhi masikio ya kusikia lile lalamiko. Wafumaji, bei za chakula na tauni ndivyo vilivyolipatia lalamiko maana.

Lakini pale pale ndipo alipokuwa haoni vizuri. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mfungo ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa Ambalal alikuwa rafiki yake na asingeweza kumwacha afe. Kwa hiyo ilikuwa kumkaba. Kwa rafiki tajiri hilo aliliona. Kwa walio nyumbani kwake alichelewa mno kuliona. Durban, miaka ya 1890 ikielekea mwisho, Kasturba alinung'unika kubeba chombo cha haja ndogo cha mgeni wa tabaka la chini. Mumewe akamshika mkono akamburura hadi getini amtoe nje, na huko ugenini hakuwa na pa kwenda. Katika shamba lao karibu na Johannesburg, vijana wa kiume walipowafanyia mzaha wasichana wawili, Gandhi alizikata nywele za wasichana kwa mkono wake, ili macho ya wakosaji yasiwe na cha kutazama. Waliokosa walikuwa wavulana, Mwanaidi. Waliokatwa nywele ni wasichana.

Erikson alipofika kwenye mambo haya akashindwa kuendelea na kitabu chake. Akasimamisha masimulizi katikati, akamwandikia Gandhi barua, mtu aliyeuawa tangu mwaka 1948, akamweleza wazi kwamba huku kuwatawala mke, watoto na wasichana kwa jina la usafi kulikuwa ni ukatili ndani ya maisha ya mtu aliyekataa ukatili. Kurasa zile nazithamini kuliko nyingine zote. Linganisha na kitabu kinachobeba majina ya Freud na Mmarekani William Bullitt juu ya Rais Woodrow Wilson: humo Freud anatangulia kusema kwamba mtu yule hakumpendeza tangu mwanzo, na kweli kila ukurasa unamtafutia Wilson ugonjwa. Ukimchambua usiyempenda, elimu hii inageuka silaha. Naogopa kwamba semina yenu iliwapa silaha.

Kwa hiyo mwenyekiti wenu usimchunguze kutafuta kwa nini anapenda kuongoza. Umenieleza alivyobaki peke yake na watoto wadogo na alivyonyang'anywa shamba la mumewe na mashemeji. Bila shaka hilo ndilo linalomwamsha alfajiri kwenda kuhesabu magunia ya mwani, na ndilo lililomfanya akatae bei ya mnunuzi wakati nyinyi wengine mlikuwa tayari kukubali. Bei aliyoidai ilikuwa halali? Ulisema ilikuwa halali. Basi hilo limekwisha. Ninalotaka unijibu ni jingine. Yule msichana anayeandika daftari lake, na wanachama wapya wasio na pa kwenda nje ya ushirika, anazungumza nao vipi mlango ukifungwa? Nani kati yenu anaweza kumwambia hapana, na kesho yake akabaki mwanachama?

Kitabu cha Erikson nitakuja nacho nikija baada ya Ramadhani. Anza na sura za mgomo, mwanzo wake ni mzito. Nisalimie bibi, na umwambie dawa aliyoniagiza nimeipata.

Rafiki yako wa siku zote,
Neema