Rangi ya meli na mashua inayolala nanga

Mhariri,

Sina mazoea ya kuandika barua. Gazeti lenu huwa nasoma, nikimaliza tunafungia dagaa, basi. Ila ile habari ya rangi ya kisasa ya kuzuia viumbe wa baharini wasigande chini ya chombo imenichokoza.

Mwandishi wenu kaisifu rangi ya silikoni, hakusema kwamba haiui kitu. Inateleza tu, kilichoganda hung'oka chombo kikienda kasi, tena kasi ya meli. Mashua zetu hapa Mikindani hulala nanga maji mafu yote, siku ambazo bahari haijai wala haitoki sana, zikitoka zinakwenda kwa tanga au kimashine kidogo. Nani atavibandua?

Mimi nilinunua ya bei nafuu, muuzaji wa mjini kaapa kabisa kuwa ina shaba ya kuwaua hao viumbe. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, tukaivuta mashua ufukweni, nikakwangua, nikaosha kwa maji baridi, nikapaka rangi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwezi haujaisha, mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, umeota ndevu za mwani, na kwenye mbao vimejipanga vile vigamba vyeupe vinavyochana vidole. Nikatia kisu, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nikarudi dukani. Kijana akaligeuza kopo, maandishi yote ya kigeni, herufi ndogo hata yeye hazisomi, kisha akaniuliza eti nilianza na praima, ile rangi ya kwanza ya kuishikiza ya juu? Praima! Siku ya kuuza hakuitaja, siku ya lawama ndiyo kaikumbuka. Na mashua yenye ndevu inakokota, petroli inaisha hata Msimbati hujafika.

Suala la sumu nalo mmelipita kimya. Rangi zenye kemikali ya bati, TBT, ziliharibu chaza kule Arcachon, pwani ya Ufaransa. Ufaransa ikazizuia kwa boti ndogo mwaka 1982, na mkataba wa dunia wa kuzipiga marufuku ukaanza kutumika 2008. Shaba bado inaruhusiwa, lakini nayo inafanya kazi kwa kuua. Sisi tunaikwangua palepale kina mama wanapookota chaza.

Mkulima wa korosho anapata salfa ya ruzuku, haki yake. Mvuvi anapewa semina na chupa ya maji.

Anayetaka kuuza rangi Mtwara apake kwanza ubao, auzamishe Mikindani tangu Kusi ianze hadi Kaskazi iingie, autoe mbele yetu, na kopo liandikwe Kiswahili. Kwa sasa nimerudia deheni, ule mpako wetu wa zamani wa chokaa na mafuta ya papa. Inanuka, na kila mara lazima uirudie, lakini hainiulizi praima. Mwandishi wenu akitaka habari nyingine, bamvua lijalo tutakuwa ufukweni. Aje na kisu chake.

Mwenye mashua,
Mikindani, Mtwara