Barua kwa mwanangu: hayo mafaili ya talaka na mirathi usiyakimbie

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako nimeisikiliza yote. Umesema ofisi ni ndogo, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi huko Temeke, mawakili wawili na wewe wa tatu, na tangu umeanza hujapewa kitu kingine zaidi ya talaka, matunzo ya watoto na mirathi, wakati wenzako mliosoma wote pale Shule ya Sheria wapo Posta na Masaki wanashika mikataba ya mabenki na migodi. Alafu ukamalizia na lile neno kwamba "mama hizi kesi za wanandoa sio sheria haswa". Hapo ndo nikaona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza na mimi haya nataka uyasome ukiwa umetulia.

Mimi miaka yangu yote ya kazi nimekaa masjala ya mahakama ya mwanzo hapa Moro, unajua. Mafaili yamepita mikononi mwangu mengi, na wanaokuja dirishani pale hawaji kwa ajili ya mgodi, wanakuja kwa sababu mume kabeba hati ya kiwanja, kwa sababu shemeji kafunga nyumba ya marehemu kwa kufuli jipya, kwa sababu mtoto kachukuliwa likizo kwenda kwa bibi yake na hajarudishwa mpaka shule zimefunguliwa. Hiyo ndo sheria watu wa nchi hii wanayokutana nayo. Wewe umepewa hiyo ukiwa na miezi michache tu tangu Jaji Mkuu akuapishe, na ofisini kwenu hakuna foleni ya mawakili wakubwa watakaokunyang'anya nafasi ya kusimama mahakamani. Hao wa Masaki wengine watakaa miaka wanapanga viambatanisho.

Sasa nikwambie kitu kimoja nilichokiona pale masjala na ndo sababu ya barua hii. Kesi za familia nyingi hazipotei mbele ya hakimu, zinapotea ofisini kwa wakili ile wiki ya kwanza mteja anapokuja analia na wakili anaandika haraka haraka hati ya madai ili akaisajili kwenye mfumo wa mahakama apate namba ya kesi. Yani mteja hajaulizwa. Anaulizwa jina, tarehe ya ndoa, watoto wangapi, basi.

Anza na baraza la usuluhishi wa ndoa. Wewe unaijua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kunizidi, kifungu cha 101 kinachotaka wanandoa wapite baraza kabla ya talaka umekisoma na mtihani ukafaulu, lakini nimeona talaka ngapi zinatupwa nje kwa sababu ile hati ya baraza la usuluhishi haipo, au ipo lakini baraza limeandika barua ya kirafiki tu "tunawaleta kwenu kwa msaada zaidi" bila kusema kwamba wameshindwa kuwasuluhisha. Mwanamke wa watu kalipa nauli, kakaa mwaka anahudhuria, mwisho anaambiwa shauri lililetwa kabla ya wakati wake arudi kata akaanze upya. Inauma. Kwahiyo kabla hujafungua laptopu yako mwambie akupe ile karatasi uishike, uisome kila mstari, uangalie muhuri, uangalie kama mwenzie aliitwa au baraza lilikaa na upande mmoja. Kama ni waislamu wameenda BAKWATA, lile baraza kuu la waislamu, na talaka imeshatoka huko, bado angalia baraza limethibitisha nini, maana mahakama inataka kuona yote mawili. Na kama mume katoweka hajulikani alipo, zipo njia ambazo sheria yenyewe imeruhusu baraza lirukwe, usimzungushe mtu bure.

Alafu mali. Hapa ndo nakuomba ukae sana mama angu.

Mteja atakwambia "tulijenga wote". Wote kivipi? Muulize mpaka achoke. Nani alinunua kiwanja, mkataba ulisainiwa serikali ya mtaa gani, mashahidi walikuwa kina nani, fundi aliyepandisha boma bado yupo hai, saruji ililipwa na hela ya vikoba au mkopo wa kazini, meseji za M-Pesa zipo kwenye simu hii au ile ya zamani iliyopasuka kioo. Aende akatafute hiyo simu. Wanawake wengi hawatunzi risiti kwa sababu hakuna anayeolewa akijiandaa kuachana, na mume ndo jina lake lipo kwenye hati, sasa usipochimba wewe hakuna atakayechimba, hakimu anaamua kwa kilichopo kwenye faili.

Na yule anayesema "mimi nilikuwa nyumbani tu" usimwache aondoke na hilo "tu". Ile kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983 kule Mahakama ya Rufani mnaisoma wote, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali za ndoa. Wanafunzi mnaikariri hapo mnaishia. Lakini soma mpaka mwisho uone Bi Hawa mwenyewe alipata nini. Hakupata, kwa sababu mahakama ilikuta mume alishampa hela za kujipatia nyumba na zikatumika vingine. Msingi ulioweka njia kwa wanawake wa nchi nzima umetoka kwenye kesi ambayo mwenyewe aliondoka bila kitu. Mimi hilo huwa linanigusa sana, na nataka na wewe likuguse kila ukimnukuu, maana mteja wako hataki kuwa mfano kwenye vitabu, anataka pa kulaza watoto. Ukimuuliza mapema "aliwahi kukupa hela yoyote, kiwanja, duka, chochote" utajua upande wa pili watakuja na nini, wala hutashtukia mahakamani.

Kitu kingine cha haraka haraka, kama nyumba ya familia iko hatarini kuuzwa usisubiri talaka iishe. Kifungu cha 59 kipo, mwenzi mmoja hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, wekeni zuio mapema. Nyumba ikishauzwa kwa mtu wa tatu hiyo ni vita nyingine ya miaka.

Kuhusu mirathi naongea kama mtu aliyeona ndugu wa tumbo moja wakirushiana viti kwenye korido. Watu hawaelewi msimamizi wa mirathi ni nani. Wanadhani ukoo ukikaa kikao ukamchagua baba mdogo, muhtasari ukaandikwa, mahakama ikampa barua, basi mali ni zake. Waeleze kwa Kiswahili chepesi tena mbele ya huyo baba mdogo mwenyewe kwamba yeye kapewa kazi hakupewa mali, akusanye, alipe madeni, awagawie wenye haki, alafu arudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa. Hicho cha mwisho ndo hawafanyi. Mafaili yanalala wazi miaka na miaka, wajane wanakufa hawajagawiwa. Ukiwa wakili wa msimamizi msukume arudishe hesabu hata kama hakupendi kwa hilo, ukiwa wa mjane usiogope kuomba mahakama imuite ajieleze. Huko Temeke mna bahati, kile Kituo Jumuishi cha mambo ya ndoa na mirathi kilichofunguliwa 2021 mambo yote mnayakuta sehemu moja, sisi huku mtu alikuwa anazunguka na bahasha ofisi hadi ofisi.

Watoto. Sheria inasema mtoto wa chini ya miaka saba inadhaniwa ni vizuri akae na mama, lakini hiyo ni dhana inaweza kupinduliwa, na kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Afisa ustawi wa jamii akienda nyumbani kufanya uchunguzi mwambie mteja wako asipambe nyumba kwa siku moja, hao watu wana macho. Na kuna mteja atakayetaka utumie mtoto kumkomoa mwenzie, kwamba baba asimwone kabisa mpaka alipe. Mkatalie. Mwambie taratibu lakini mkatalie, matunzo yanadaiwa kwa njia zake na kumwona mzazi ni haki ya mtoto. Akisema atatafuta wakili mwingine acha atafute, na najua kwa ofisi ndogo mteja mmoja kuondoka mnaisikia mwezi huo kwenye kodi ya pango, bado nakwambia acha aende.

Yule unayeona ana alama shingoni na anasema alianguka bafuni, usianze na talaka. Anza na leo analala wapi. Dawati la Jinsia polisi, PF3 ile fomu ya polisi ya matibabu, hospitali, ndugu wa kumpokea, hayo kwanza, karatasi baadae. Namba ya simu utakayompigia hakikisha sio ile mume anayoishika.

Hela sasa, maana hili vijana mnaona aibu. Makubaliano ya ada yaandikwe siku ya kwanza, kwamba hii ni ya kufungua shauri, hii ni ya kila hatua, rufaa haimo. Risiti mpe hata ya elfu kumi. Hela ya mteja iliyotoka kwenye mauzo ya nyumba ya marehemu isikae hata usiku mmoja kwenye simu yako, iende akaunti ya wateja na aandikiwe. Nimeona mawakili wazuri wenye akili kuliko wote wakiburuzwa kwa ishu hiyo na wengine walianza kwa "naazima kidogo mwisho wa mwezi narudisha". Asiyeweza kulipa kabisa mpeleke kwa watoa msaada wa kisheria, sheria yao ipo tangu 2017, wala usimbebe nusu nusu ukamtupa njiani.

Na makarani uwasalimie. Wewe mtoto wa karani hilo sikufundishi, ila najua joho na ile kola nyeupe zinavyobadilisha watu.

Umesema usiku huwa hulali vizuri unawaza mambo ya wateja. Naamini, maana hata mimi nilikuwa nikirudi nyumbani baba yako ananiuliza leo umesikia nini. Ongea na huyo mama wakili mwenye ofisi, kafanya kazi hizi miaka mingi atakuwa anajua anavyojilinda, na simu ya kazi izime saa mbili usiku, aliye hatarini umeshamwonyesha pa kukimbilia. Jumapili nenda kanisani, ule, ulale mchana.

Hilo la kuhama kwenda ofisi kubwa sikukatazi, maisha ni yako. Ila nakuomba usihame kabla hujafuatilia talaka moja na mirathi moja toka mteja alipokaa kwenye kiti chako mpaka kila mtu kapata kilicho chake mkononi, sio hukumu tu, hukumu hailiwi. Ukishaona hiyo tutaongea tena na utaamua mwenyewe.

Mwisho wa mwezi panda SGR uje, na ile nakala ya hukumu ya matunzo uliyosema imekushinda kuielewa uje nayo tuisome wote. Baba yako anakusalimu, kasema umpelekee mama wakili mchele wa Kilombero atakaokupa, usiusahau kwenye treni.

Mama yako