Jumamosi tunamsoma Sōseki

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi saa kumi alasiri tunamjadili Natsume Sōseki, mwandishi wa riwaya wa Japani, aliyezaliwa 1867 Edo, ambayo leo ni Tokyo. Serikali ilimpeleka kusoma London mwaka 1900, akaishi huko kwa upweke mkubwa, amejifungia na vitabu. Mwaka 1907 aliacha ualimu wa chuo kikuu akaajiriwa na gazeti la Asahi, lililochapisha riwaya zake kidogo kidogo kila siku. Kwangu huo ndio uamuzi uliomfanya awe Sōseki tunayemjua. Riwaya ya “Kokoro” ilitoka hivyo 1914. Alifariki 1916, akiwa na miaka 49 tu. Tafadhalini, barua ya mhusika Sensei katika sehemu ya tatu ya “Kokoro” msiisome harakaharaka. Asiye na nakala anijulishe kabla ya Alhamisi.