Mashangazi hukatwa pichani kwa sababu ya lenzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita akilalamika kwamba wapiga picha wa sherehe hapa Mbeya huwasukuma wageni nyuma hadi migongo iguse ukuta, na baada ya usumbufu wote huo picha ikitoka, shangazi mmoja amekatwa bega na mwingine hayumo kabisa. Malalamiko hayo ni ya kweli. Mimi mwenyewe nina banda la picha Mwanjelwa na nimewakata mashangazi wa watu kwa miaka kadhaa. Ninachokataa ni dawa aliyoiandika, kwamba sisi wenye kamera za bei nafuu ama tuache kazi ama tukope tununue kamera kubwa. Kinachokata watu pichani ni lenzi, na lenzi hubadilishwa bila kugusa kamera.

Ndani ya kila kamera ya kidijitali kuna kipande kinachopokea mwanga ambacho mafundi tunakiita sensa, na naomba kisichanganywe na ile sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022. Kamera kubwa za kitaalamu zina sensa ya milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya ule mkanda wa filamu wa zamani. Kamera walizo nazo wengi wetu, kuanzia Mbalizi hadi Makambako, zina sensa ndogo zaidi: kwa Canon ni takribani milimita 22.3 kwa 14.9, na kwa Nikon ni takribani 23.5 kwa 15.6. Ukifunga lenzi moja kwenye kamera hizo mbili kwa zamu, taswira inayoingia ndani ni ileile, ila sensa ndogo huokota sehemu ya katikati tu, kama mtu anayetazama harusi kupitia dirisha la choo ilhali jirani yake amefunguliwa mlango. Ndiyo maana tunazidisha namba ya lenzi, yaani milimita zilizoandikwa juu yake (zikiwa chache lenzi huona pana zaidi), kwa 1.6 kwenye Canon, na kwa 1.5 kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, ili kujua ingelingana na lenzi gani kwenye kamera kubwa. Lenzi ya 18 kwenye Canon ndogo inakuwa kama 29, na hiyo kwa kazi ya ndani ya nyumba si pana hata kidogo.

Chukua sebule ya kawaida ya nyumba ya Soweto au Ilemi hapa Mbeya siku ya kupokea mahari. Makochi yamesogezwa ukutani, meza imetolewa nje, washenga wamekaa upande mmoja na wazee wa binti upande wa pili, kreti za soda zimepangwa pembeni, na mpiga picha amesimama kizingitini akiwa na mita tatu tu kati yake na watu. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na Canon yake, hata akiizungusha hadi mwisho wa upana, kwa umbali huo inachukua upana wa mita tatu na sentimita sabini hivi. Ukuta una mita tano. Hapo awe fundi wa namna gani, wazee wawili watabaki nje. Akifunga lenzi ya milimita 10 akiwa amesimama palepale, anapata zaidi ya mita sita na nusu, yaani ukuta wote, kreti za soda, na mlango wa jikoni ambako akina mama wanachungulia wakidhani hawaonekani.

Kabla sijafika kwenye lenzi hiyo nilipita njia ya mkato, na najua wengi wanaipita hadi leo. Ni kile kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi ya kawaida, kilichoandikwa 0.43x au 0.45x, ambacho muuzaji hukisifia kwamba kinaigeuza lenzi yako kuwa pana kwa bei ya mlo wa siku chache. Upana kweli huongezeka. Lakini pembe za picha hugeuka ukungu, taa za ukumbi huzaa madoa yanayoelea juu ya vichwa vya watu, na mistari ya ukuta hupinda kama pipa. Nilikitumia kwenye sendofu moja Uyole, na mama wa binti aliponiuliza kwa upole kama wageni wa mwisho wa safu walikuwa wanakimbia, nilikosa la kumwambia. Kioo hicho hugawanyika vipande viwili, na kile cha nyuma hukuza vitu vidogo. Siku hizi wanangu wanakitumia kutazamia siafu.

Mkato wa pili ni wa gharama zaidi. Mwenzangu wa Iringa alijinyima mwaka mzima akanunua lenzi ya 16 hadi 35, ambayo kwenye kamera kubwa ni lenzi pana ya kuheshimika, akaifunga kwenye Canon yake yenye sensa ndogo. Ukizidisha, 16 inakuwa karibu 26. Kwa sebule ileile ya mita tatu, aliongeza chini ya nusu mita juu ya ile lenzi yake ya zamani. Kioo chake ni safi, sikatai, lakini shangazi bado yuko nje. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba kuzidisha ni kwa lenzi za kamera ndogo tu, na muuzaji mwingine aliwahi kuniambia mimi kinyume chake, kwamba lenzi za kamera ndogo namba zake zimekwisha kuzidishwa kiwandani. Wote wawili wamekosea. Milimita ni milimita, na namba iliyoandikwa kwenye lenzi huzidishwa bila kujali ilitengenezwa kwa kamera gani.

Kwa hiyo mwenye sensa ndogo atafute lenzi iliyotengenezwa kwa sensa ndogo na inayoanzia kwenye 10 au 11. Kwa Canon za kioo cha ndani, yaani zile ambazo kioo kidogo hupeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia, ipo EF-S (jina la lenzi za Canon za sensa ndogo) ya 10 hadi 18 iliyotoka mwaka 2014, ambayo ni nyepesi, takribani gramu 240, na ndiyo ninayoitumia. Ile ya 10 hadi 22, ambayo ni ya mwaka 2004, bado inapatikana ikiwa imetumika na ni nzuri. Kwa Nikon ipo lenzi iitwayo AF-P ya 10 hadi 20 ya mwaka 2017, lakini hapa wanunuzi wawe macho: haifanyi kazi ipasavyo kwenye kamera za zamani kama D90, D3100, D3200, D5100 na D7000, na hizo ndizo zilizojaa kwenye soko letu la mitumba. Vivyo hivyo lenzi ya kampuni ya Tokina ya 11 hadi 16: toleo lake la kwanza la Nikon halina mota ndani, hivyo kwenye kamera za familia ya D3000 na D5000 utarekebisha fokasi, yaani ukali wa picha, kwa mkono usiku kucha. Wenye Sony ndogo zisizo na kioo cha ndani wanayo 10 hadi 18 yao, na wenye kamera za Micro Four Thirds, ambazo sensa yake ni ndogo hata kuliko hizo, wazidishe kwa mbili, wakianzia 7 au 9.

Wapo watakaosema EF-S ni hasara kwa sababu siku ukinunua Canon kubwa ya kioo cha ndani lenzi hiyo haitaingia. Ni kweli haiingii. Iuze pamoja na kamera uliyonayo; atakayeinunua naye ana sebule ndogo.

Sasa kuhusu mwanga, ambako ndiko sifa za lenzi yangu zinapoishia. EF-S ya 10 hadi 18 huanzia tundu la kupitisha mwanga la f/4.5 na kufikia f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ilhali Tokina ina f/2.8 mwanzo hadi mwisho, na f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Kitulizo cha mtikisiko kilichomo kwenye Canon husaidia mikono yangu inayotetemeka kwa baridi ya Julai, lakini hakimtulizi bibi harusi anayecheza. Anayefanya kazi nyingi za ukumbini usiku bila flashi anunue Tokina na avumilie uzito wake. Na anayetegemea flashi ile ndogo ya juu ya kamera ajue kwamba mwanga wake hautoshi upana wa lenzi ya 10: kingo zitakuwa giza, na chini ya picha kutatokea kivuli cha nusu duara cha lenzi yenyewe. Flashi ya kufunga juu, iliyoelekezwa kwenye dari jeupe, huondoa tatizo hilo.

Lenzi hizi zina tabia nyingine ambayo wateja hawaisamehi. Aliyekaa ukingoni mwa picha huvutwa akanenepa, uso ukalala upande. Mama mkwe asikae pale kamwe. Mimi huwaweka wazee wenye heshima zao katikati, vijana wembamba wakafuata, na kwenye kingo naacha pazia au mtungi wa maua. Nafasi ikiruhusu narudi hatua moja na kuvuta hadi 14. Kamera nayo ishikwe wima sawasawa, maana ukiielekeza juu kidogo tu, kuta za kanisa huanza kuegemeana.

Nje ya nyumba mambo hubadilika. Vijana wengi huenda na lenzi pana kwenye hifadhi ya Kitulo, wakapiga mandhari wakiwa wamesimama, kisha wakashangaa kwamba uwanda wote ule umekuwa nyasi na mbingu. Lenzi pana huisogeza milima mbali. Nikiuelekezea Mlima Loleza kutoka barabarani unakuwa kichuguu. Inataka kitu cha karibu. Piga goti, weka ua moja nusu mita mbele ya lenzi, funga tundu hadi f/8, weka fokasi kwenye sentimita 65 hivi, na kwa milimita 10 utapata ua hilo na kilima cha mwisho vyote vikiwa vimetulia. Jua likiwa mgongoni, angalia kivuli chako kisiwemo. Mara mbili nimerudi Mbeya na picha za Kitulo zenye kofia yangu.

Namwomba msomaji aliyelalamika, atakapokuwa na shughuli nyingine nyumbani kwake, amuulize mpiga picha swali moja kabla ya kutoa kianzio: lenzi yako pana kuliko zote inaanzia milimita ngapi? Akijibiwa 18 kwenye kamera ndogo, na sebule ni ya mita nne, basi shughuli aifanyie uani, au makochi yatolewe nje asubuhi na mapema.

Mpiga picha,
Mwanjelwa, Mbeya