Barua kwa Salum kuhusu makabrasha ya ami

Upanga,
Dar es Salaam.

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walioko Tanga. Barua yako imenifikia. Unasema jamaa wanataka kubakiza vitabu vya hesabu vya kinu cha marehemu ami yako, na kuchoma daftari zake za taarabu pamoja na barua zake za binafsi. Nakusihi uwazuie, na sababu yangu naitoa mbali, kwa Henry Ford, yule Mmarekani mwenye kiwanda cha magari.

Kwa kumbukumbu za kiwandani, Ford ni mtu wa gari la Model T la mwaka 1908, basi. Ukifungua makabrasha ya mambo aliyoyapenda mwenyewe, unakutana na mtu aliyetengeneza saa za majirani tangu ujana wake, aliyeunga mkono sheria ya Marekani ya mwaka 1913 ya kulinda ndege wanaohama, na aliyemwajiri mwalimu wa dansi Benjamin Lovett ili awarudishe watu kwenye dansi za kizamani. Ipo picha yake, mzee wa zaidi ya miaka 75, ameinua shoka kupiga buti la gari lake mwenyewe, kuthibitisha kwamba plastiki iliyotokana na utafiti wake wa soya haibonyei. Mkewe Clara alipofariki mwaka 1950, nyumba yao ya Fair Lane ilikutwa imejaa karatasi, hadi stakabadhi za matumizi ya nyumbani. Leo nyaraka zake zinatunzwa Dearborn, huko Marekani, katika Benson Ford Research Center. Laiti zingechomwa, tungebaki na magari tu.

Hata hivyo, jalada la mada, yaani karatasi za jambo moja zilizowekwa pamoja, hukusanywa na mtu, na mtu huchagua. Anaweza kukusanya dansi, ndege na saa mahali pamoja pazuri, akaliacha gazeti la The Dearborn Independent katika kabati la biashara, ilhali gazeti hilo, mali ya Ford, lilianza mwaka 1920 kuchapisha mfululizo wa makala za chuki dhidi ya Wayahudi, na halikufungwa hadi mwaka 1927, baada ya Aaron Sapiro, wakili Myahudi aliyeshambuliwa na makala hizo, kumshtaki Ford. Kwa maoni yangu chuki ile nayo ilikuwa jambo lake la moyoni, kwa kuwa haikumsaidia kuuza gari, na anayeitenga na dansi anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa hiyo zile barua za ugomvi wa shamba, ulizozitaja kwa kuona haya, zibaki palepale zilipo. Usiitoe karatasi yoyote katika fungu ulilolikuta, hata kama mpangilio wake unakuudhi, kwani huenda ami aliufuata kwa sababu zake. Ukitaka jalada la taarabu, tia nakala humo, na pembeni uandike kwa penseli, wala si kwa wino, namba ya sanduku ilimotoka ile ya asili. Pini na klipu za chuma ziondoe mapema. Unyevu wa pwani huzitia kutu, na kutu hula karatasi.

Jamaa wakikubali, niandikie idadi ya mafungu na ukubwa wake, nikutumie masanduku na bahasha kwa basi. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama kinu bado kinasaga.

Wako,
Zuhura