Barua kwa nyie mnaochora usiku baada ya kazi

Wanangu,

Mwaka huu wote mmekuwa mnanionyesha picha zenu na mimi nasema nzuri, nzuri sana, kama mzee yeyote anayeogopa kuudhi watoto. Leo nisiwafiche. Mlianza na rangi za maji, hazijakauka vizuri mkahamia akriliki, ile rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, mara mkaacha brashi mkashika kisu cha kupakia rangi, mara mnamwaga rangi kwenye turubai, kile kitambaa cha kuchorea, mnaiinamisha itiririke yenyewe, sasa hivi nasikia ni skrini na kalamu yake. Sina ugomvi na kujaribu, nani asiyejaribu, ila juzi nilizipanga zile picha zote sakafuni nikakaa nazo na nikaona jicho ni lilelile. Jani ni kijani kilekile cha kwenye tyubu, kivuli ni cheusi, na pua ni ile pua mnayochora tangu mko darasa la pili. Vifaa mmebadilisha mara nne, kuona hata mara moja hamjabadilisha.

Msinielewe vibaya, hata mimi nilianza uzeeni na nilipoteza miaka mitatu hivyohivyo, kila picha ikinishinda nasema tatizo ni brashi.

Iko hivi, ubongo ni mvivu. Ukiuambia chora kikombe unakuletea kikombe ulichokariri, juu duara, chini mstari umenyooka kama rula, wakati kile kilicho mezani ukikitazama kwa juu kidogo mdomo wake ni duara lililobanwa na kitako chake kimepinda, tena kimepinda zaidi kuliko mdomo. Hujakitazama, umeandika jina lake kwa penseli basi. Kwahiyo ujanja wote wa kujifunza kuona ni kuunyang'anya ubongo lile jina. Geuza picha unayonakili miguu juu kichwa chini, hapo huoni tena pua unaona mistari tu, utashangaa mkono unavyotii. Au acha kiti, chora ile hewa iliyo katikati ya miguu ya kiti, maana hewa haina umbo ulilokariri. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee ubaki na mabaka ya mwanga na giza, ukishayaweka hayo mahali pake picha imeshasimama hata kabla ya rangi. Na kuna kioo, Leonardo da Vinci alishawashauri wachoraji miaka zaidi ya 500 iliyopita waitazame kazi yao kwenye kioo, ikigeuka hivyo unaiona kama ya mtu mwingine na makosa ya mwenzako ndo huwa unayaona fasta si ndio.

Mazoezi niliyoyachukia kuliko yote ni ya kuchora bila kuangalia karatasi, macho kwenye kitu tu, penseli inatembea kwa kasi ya jicho kama mdudu anatambaa ukingoni. Nilichora mkono wangu wa kushoto ukatoka kama mzizi uliong'olewa, nilicheka peke yangu. Ila pale penye kidole gumba, zile mikunjo ya ngozi kwenye kiungo, zilikuwa za kweli kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, sijui hata zilitokaje. Mzizi ule ninao hadi leo, sijautupa.

Sasa rangi. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris, wanafuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu wakawa wanalalamika nyeusi yake imepauka. Akachunguza nyuzi, hazina shida yoyote, kumbe shida ni jirani, ile nyeusi ilikuwa imewekwa kando ya bluu na zambarau na hizo ndo zilikuwa zinaifanya ionekane dhaifu. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Jaribuni wenyewe, kata vipande viwili vya karatasi ileile ya kijivu, kimoja weka juu ya nyeusi kingine juu ya nyeupe, utaapa ni kijivu mbili tofauti. Kwahiyo ukiniuliza "mzee hii rangi ni sahihi?" swali lenyewe halijakamilika, sahihi kando ya nini? Na kivuli sio rangi nyeusi, kivuli cha nje mchana anga ikiwa wazi mara nyingi kina ubluu ndani yake, kitazameni kabla hamjafungua tyubu.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet kati ya 1890 na 1891 alichora mirundo ya nafaka shambani picha kama 25, turubai kadhaa kwa pamoja, mwanga ukibadilika anaweka hii anachukua nyingine. Rangi za mafuta zilezile, shamba lilelile, alichokuwa anajaribu ni saa za siku. Mtaniambia mbona Matisse, mchoraji mwingine Mfaransa, alihamia mkasi, ni kweli, baada ya operesheni kubwa ya mwaka 1941 kusimama mbele ya turubai kukawa shida, akawa anakata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi. Lakini yule alikuwa amechora zaidi ya miaka 40 na alikuwa na sababu, nyie sababu yenu ni kwamba mmeona mtu amefanya kwenye video ya sekunde thelathini.

Mkitaka kuhama hameni, ila kaeni na kitu mpaka kiwasumbue. Rangi ya maji ikikauka inapauka, akriliki ikikauka inakoza kidogo, hayo huyajui kwa karatasi mbili. Na anayetaka rangi za mafuta, tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ukigeuza mpangilio huo, chini inaendelea kukauka wakati juu pameshakakamaa alafu panapasuka, na akriliki usiipake juu ya mafuta kabisa.

Andikeni tarehe nyuma ya kila karatasi na ulikuwa unajaribu nini, hata neno moja, "hewa", "kivuli", "kufinya macho". Msinionyeshe kwanza, mkinionyesha mtachora ya kunifurahisha mimi. Nileteeni kumi na tano za kitu kimoja, mbovu zikiwemo, tena mbovu ndo ziwe juu.

Mimi niko na birika toka mwezi uliopita, nimeshalichora mara kumi na moja na mpini bado unakaa kama umebandikwa. Ngoja nirudi, kuna kajua kameingia dirishani kanapiga kwenye mdomo wake.